Kome ya Kuchongwa: Safari Yake tangu Mwambani hata Bara na Ulaya

Mtu aliyezaliwa Mbesa aweza kufikia uzee asiione bahari hata siku moja. Kijiji chetu ki katika wilaya ya Tunduru, mashariki ya Songea, katika nchi ya Wayao. Maji yetu huteremkia mto Ruvuma, na habari za mawimbi twazisikia katika hadithi tu. Walakini vitu vya bahari vilifika bara tangu zamani sana, kabla ya barabara na kabla ya shule. Nguo zilikuja, ushanga ulikuja, chumvi ilikuja; na pamoja navyo yalikuja maganda ya kome. Nataka kueleza habari za maganda hayo, na hasa habari za kuyachonga, maana nimeona ya kuwa watu wengi hudhani kazi hiyo ni ya Wazungu peke yao, nasi hatukuwa na sehemu ndani yake ila ya kuokota.

Nilivyoanza kuitafuta habari hii ni hivi. Miaka michache iliyopita nalikwenda Kilwa Kivinje kumzuru shemeji yangu. Jirani yake, mvuvi mzee, alikuwa na ganda kubwa jekundu, zito kama jiwe, ambalo alilitumia kuzuia mlango usifungwe na upepo. Aliponiona nimeliinua na kuligeuzageuza, akacheka, akasema, “Lichukue, Mwalimu. Mimi bahari naiona kila siku.” Nikalifunga katika kanga, nikaja nalo Mbesa. Baadaye nikasoma jinsi Waitalia wanavyochonga sura za watu juu ya maganda ya namna ile ile, nikaazimia kujaribu wakati wa likizo. Mwisho wa jaribio langu nitausimulia mahali pake. Kwanza yafaa tujue majina.

Kiswahili kina maneno mengi ya vitu hivi, na maneno hayo hushika historia ndani yake. Kauri ni ganda dogo la mviringo lenye mdomo wa meno. Neno hilo limetoka Bara Hindi, na kwa Kiswahili twalitumia pia kwa vyombo vyeupe vya Kichina, kwa kuwa vyang’aa kama ganda lile. Ajabu ni kwamba Waitalia nao walifanya vivyo hivyo: jina lao la kauri, porcellana, ndilo walilovipa vyombo vya Kichina, na kwao lugha nyingine za Ulaya zimelipokea. Watu wa pwani mbili zilizo mbali waliona mfano ule ule. Kauri ndogo huitwa kete. Na kwa kuwa kitu kidogo kama hicho chafaa kuchezea, jina hilo limehamia katika bao, hata leo tunaita kete zile mbegu za komwe ambazo hazikupata kuiona bahari. Kauri kubwa yenye madoadoa ni dondo. Tena kuna simbi. Na huko Buganda, ambako maganda hayo yalitumika sokoni, neno lao ensimbi lina maana ya fedha hata sasa, ijapokuwa fedha zenyewe ni za karatasi.

Kome za kuchongwa ni za namna mbili, wala zisichanganywe. Ya kwanza ina umbo la pia ya kuchezea watoto: upande mmoja mpana, upande wa pili umechongoka. Mnyama wake ana mwiba wa sumu, na wavuvi humwogopa. Ya pili ni ile kubwa nyekundu niliyopewa Kilwa. Waingereza huiita mdomo wa fahali, na Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliipa mwaka 1758 jina la Kilatini lenye maana ya wekundu. Hukaa penye miamba ya matumbawe, tangu pwani yetu hata visiwa vya bahari ya Pasifiki, na chakula chake ni wale wanyama wa miiba mirefu wachomao miguu ya wavuvi. Ile ya kwanza ilikwenda bara. Hii ya pili ilikwenda Ulaya.

Tuanze na safari ya bara. Kazi ya kukata maganda ni ya kale katika pwani yetu. Bwana Neville Chittick, aliyechimbua magofu ya Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, alikuta katika tabaka za chini vigae vya vyungu vyenye mifereji. Mifereji hiyo ilitokana na kusugua vipande vya maganda ili vipate kuwa ushanga. Watu waliofanya kazi hiyo walikaa Kilwa miaka mamia kabla ya Wareno kufika. Basi hapo kale fundi wa pwani hakuwa mwokotaji tu. Aliketi na kigae chake na maji na mchanga, akasugua hata kitu kisicho na thamani kikawa pambo.

Kome yenye umbo la pia ilifanyizwa kisahani. Hukatwa ule upande mpana, husuguliwa juu ya jiwe hata ukawa laini, kisha hutobolewa tundu la kupitisha uzi. Kinachobaki ni duara jeupe lenye mstari uzungukao toka katikati hata ukingoni. Wanyamwezi walikiita kibangwa, na kilikuwa alama ya watemi. Kwa watu wa Zambezi na Nyasa kilijulikana kwa jina la mpande au mphande. Huko Ing’ombe Ilede, karibu na mto Zambezi katika nchi ya Zambia, yalichimbuliwa mwaka 1960 na baadaye makaburi ya wakuu waliozikwa yapata miaka mia tano au mia sita iliyopita. Pamoja na dhahabu na shaba na ushanga wa kioo, walizikwa na visahani hivyo vya kome. Tazama mbali ilipo bahari na mahali pale. Kila kimoja kilibebwa na mtu kwa miguu yake.

Njia za namna hiyo zilipita pia katika nchi zetu. Mreno mmoja, Gaspar Bocarro, alikwenda kwa miguu mwaka 1616 toka Tete, juu ya Zambezi, hata Kilwa, akivuka mto Ruvuma. Hakufungua njia mpya. Alifuata watu waliokwisha kuijua. Na katika karne zilizofuata Wayao ndio waliosifiwa kwa biashara ya njia hiyo, wakichukua pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na vitu vya pwani. Kwa hiyo ganda linapoonekana bara, lisihesabiwe kuwa kitu kilichopotea njia. Lilikuja kwa mkono wa mtu aliyejua bei yake.

Hapo ndipo habari yetu inapokuwa nzito. Mwezi wa Januari 1854 Dakta Livingstone alikuwa kwa mfalme Shinte wa Walunda, katika nchi ambayo sasa ni kaskazini-magharibi ya Zambia. Alipokuwa karibu kuondoka, Shinte aliingia hemani mwake, akatoa kisahani cha kome kilichofungwa uzini, akamvika shingoni kuwa alama ya urafiki. Livingstone aliandika ya kuwa watu wake walimweleza thamani ya vitu hivyo katika nchi ile: kwa viwili mtu aliweza kununua mtumwa mmoja, na kwa vitano pembe ya ndovu. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara husimama penye hesabu. Visahani viwili, mtu mmoja. Alama ya heshima kifuani pa mfalme ilikuwa pia kipimo cha uhai wa mtu asiye na wa kumtetea.

Katika nchi ya Ruvuma bei ililipwa zaidi kwa nguo na baruti kuliko kwa maganda, lakini hesabu ilikuwa ya namna moja. Livingstone yule yule alipita kandokando ya mto wetu mwaka 1866, akielekea Mwembe kwa Mataka, mkuu wa Wayao, akafika huko mwezi wa Julai. Mwezi wa Juni, njiani, aliona mwanamke aliyekufa akiwa amefungwa shingo kwenye mti. Wenyeji walimwambia kwamba hakuweza kuandamana na wenzake, na bwana wake hakutaka apate nafuu akawa mali ya mtu mwingine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mapatano aliyotia sahihi Sultani Barghash, lakini misafara ya siri kwenda Kilwa haikukoma siku ile ile.

Bibi yangu mzaa mama alinihadithia nilipokuwa mtoto ya kwamba bibi yake yeye aliletwa nchi hii akiwa msichana mdogo, amebadilishwa kwa nguo. Msafara ulimwacha njiani kwa sababu ya ugonjwa, na nyumba moja ya Wayao ikamlea hata akaolewa. Hakuna aliyejua kijiji alikotoka. Bibi alipofika mahali hapo katika hadithi hunyamaza kidogo, kisha husema, “Basi, ndiyo sisi hawa.” Sikuwa na mpango wa kuyaandika hayo katika makala ya kome, lakini sikuona njia ya kuyapita.

Kauri nazo zilichukuliwa mbali. Katikati ya karne ya 19 wafanya biashara wa Hamburg, nyumba ya Hertz na nyumba ya O’Swald, walinunua kauri pwani yetu na Unguja, wakazipeleka kwa merikebu hata Afrika ya Magharibi, ambako zilikuwa fedha ya sokoni. Huko watu walizoea kauri ndogo za visiwa vya Maldivi. Zile zetu zilikuwa kubwa zaidi na rahisi kupatikana. Zikamiminwa kwa wingi mno hata thamani yake ikashuka, na mtu aliyeweka akiba ya kauri nyumbani akajiona maskini pasipo kuibiwa.

Sasa tuitazame ile kome kubwa nyekundu. Tangu zamani za Wayunani na Warumi watu wa Ulaya walipenda vito vilivyochongwa sura, ambavyo huitwa kameo. Walichagua jiwe lenye tabaka za rangi mbalimbali, wakachonga sura katika tabaka ya juu na kuiacha tabaka ya chini iwe uwanja wa nyuma. Mjini Vienna kipo kito cha namna hiyo cha siku za Kaisari Augusto, nacho chasifiwa hata leo. Lakini jiwe ni gumu na ghali. Mafundi walipogundua ya kuwa ganda la kome lina tabaka vivyo hivyo, tena lakatika kwa chuma cha mkono, kazi ikawezekana kwa watu wengi. Ilienea sana katika karne ya 19, wakati wasafiri waliokwenda Italia walipopenda kurudi na ukumbusho, na Malkia Viktoria wa Uingereza mwenyewe alipenda mapambo hayo.

Makao ya kazi hiyo yakawa Torre del Greco, mji ulio karibu na Napoli chini ya mlima Vesuvio, ambao watu wake walikuwa wavuvi na mafundi wa marijani. Mwaka 1878 shule ya kuchonga ilianzishwa huko, na kazi yaendelea hata sasa. Mafundi wake hutumia kome za namna mbili hasa. Moja yatoka bahari ya Karibi, nayo wataalamu waliipa jina la Madagaska kwa kosa, hali haipatikani Madagaska kamwe. Nyingine ni hii yetu ya mdomo wa fahali, ambayo iliwafikia toka pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska yenyewe. Basi bibi wa Ulaya aliyevaa kifuani sura nyeupe juu ya rangi ya chungwa, mara nyingi alikuwa amevaa kipande cha mwamba wetu. Jina la mji wa fundi alilijua. Jina la mji wa mvuvi hakuambiwa.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Fundi huchagua sehemu ya ganda iliyobinuka, akaikata kwa msumeno kuwa kipande cha duara au cha umbo la yai. Katika ganda moja hupata vipande vichache tu vilivyo vizuri. Hukigandisha kipande juu ya kijiti kifupi cha mti kwa lami, apate kukishika na kukizungusha mkononi. Huondoa ngozi ya juu hata tabaka nyeupe ionekane, akachora sura kwa kalamu ya risasi. Kisha huchonga kwa vyuma vyembamba, akianza kwa kuondoa weupe wote ulio nje ya sura mpaka afike penye rangi. Baada ya hapo huipunguza sura yenyewe: panapotakiwa mwanga huacha weupe mnene, panapotakiwa kivuli huupunguza hata rangi ya chini ipenye kidogo. Mwisho husugua kwa unga laini wa jiwe la volkeno uliochanganywa na mafuta, akaosha kwa maji ya sabuni.

Mimi sikuwa na vyuma vya Torre del Greco. Nalitengeneza vyangu kwa mbavu za mwavuli mbovu, nikazinoa juu ya jiwe na kuzitia katika vipini vya mpingo. Msumeno ulikuwa wa kukatia chuma, na mahali pa lami nalitia lakiri. Ganda nililiweka majini kila wakati nilipolikata, na pua nalifunga kitambaa, maana vumbi lake ni baya kwa kifua. Nami namwonya kila atakayejaribu asilidharau jambo hilo. Kipande cha kwanza nilichonga uso wa mwanamke kama nilivyouona katika picha ya Kiitalia. Siku ya nne chuma kiliteleza, nikakaza mkono kwa hasira, nikapita tabaka nyeupe. Shavu lake likawa na doa la rangi ya chungwa ambalo haliwezi kufutwa. Katika mti, kosa hufichwa kwa kuchonga zaidi. Katika kome, kuchonga zaidi ni kulikuza kosa.

Nilikiweka kipande kile dirishani muda wa majuma mawili. Kisha nikajiuliza, uso ule ni wa nani? Sikumjua mwanamke yule, wala sikujua pua yake yafaa iishie wapi, kwa hiyo mkono wangu ulibahatisha. Nikatwaa kipande cha pili, nikamchonga bibi yangu, kwa kumkumbuka tu: paji la uso lililotokeza, midomo iliyofumbwa, na kipini puani kama walivyovaa wanawake wa Kiyao wa siku zake. Kilinichukua likizo nzima, saa moja au mbili kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Nilisugua kwa majivu yaliyochekechwa mara mbili na mafuta ya ufuta. Kazi si ya kusifiwa. Sikio liko juu kupita kiasi, na ukingo haukunyoka. Lakini mama yangu, ambaye sikumwambia ni nani, alikishika mkononi, akakipeleka penye mwanga, akaketi. Baadaye akauliza, “Kimechongwa kwa kitu gani?” Nikamwambia ni ganda la bahari lililotoka Kilwa. Akasema, “Basi wamelipa,” wala hakuongeza neno.

Sitaki msomaji adhani nasema ya kuwa kisahani cha mtemi na kameo ya Italia ni kazi moja. Kisahani hakina sura. Uzuri wake ni duara na weupe na ule mstari uliofanywa na mnyama mwenyewe. Kameo huchongwa sura ya mtu. Walakini maarifa ya chini ni yale yale: kujua ganda ni nene wapi, kujua kwamba maji na mchanga hukata kuliko nguvu, na kuwa na subira. Maarifa hayo mafundi wa Kilwa walikuwa nayo. Kisha njia za bara ziliharibiwa na biashara ya watu, na nchi zikavurugwa na vita; ushanga wa kioo na vitu vya kiwandani vikaja kwa bei ndogo, na heshima ya watemi ikawekewa alama nyingine. Fundi asiye na mnunuzi hamfundishi mwanawe. Ndivyo ilivyotokea tukabaki kuokota na kuuza maganda mazima, hata wengine wakaamini ya kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Jambo moja zaidi lataka kusemwa kwa vijana watakaopenda kazi hii. Ganda zuri linalouzwa likiwa na rangi kamili, mara nyingi mnyama wake ameuawa kwa ajili yake. Kome ya mdomo wa fahali ikiondolewa mwambani, wale wanyama wa miiba aliokuwa akiwala huachwa waongezeke, nao wakiwa wengi kupita kiasi huharibu matumbawe ambayo ni nyumba ya samaki. Serikali imeweka hifadhi za bahari, kama ile ya Mafia tangu mwaka 1995 na ile ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma tangu mwaka 2000, na si halali kujichukulia vitu humo. Kwa hiyo nashauri yatumiwe maganda ya zamani yaliyo majumbani, au yale yaliyotupwa ufukoni yakiwa matupu. Langu lilikuwa limezuia mlango miaka mingi, nalo halikumpunguzia mvuvi kitu.

Katika shule yetu nimekwisha kuwaonyesha wanafunzi vipande vyote viwili, kile kilichoharibika na kile cha bibi, nikawaeleza njia zote mbili, ya bara na ya Ulaya. Sasa nawaomba wasomaji wanisaidie. Wazee wa Ruvuma, wa Lindi, wa Nyasa na wa Unyamwezi, waliopata kuona kisahani cha kome kwa macho yao au kusikia habari zake kwa wazazi, waulizwe kiliitwaje kwa lugha yao, nani aliruhusiwa kukivaa, na kilipatikana kwa kubadilishana na kitu gani. Majina hayo yakiandikwa na kuletwa katika jarida hili, pamoja na kijiji yalikotoka, tutaweza kuziandika njia za kome sawasawa zaidi kuliko nilivyoweza mimi.